Mtetemo wa Injini: Jinsi ya Kuupunguza Unapounda Upya Motokaa ya Zamani

Motokaa ya zamani ni msaada mkubwa kwa mkulima wa skimu ya makazi. Asubuhi huchukua maziwa, mchana huchukua mbolea, na usiku huchukua mgonjwa. Lakini injini ikichakaa, siku ya kuamua hufika. Je, mwenyewe aiuze kwa bei ya chuma chakavu, au aifungue na kuiunda upya? Wengi huamua kuiunda upya. Hununua pistoni, ringi na beringi, humlipa fundi, na siku injini inapowaka hufurahi sana. Furaha hiyo huisha upesi wakiona kwamba injini “mpya” yatetemeka kuliko ilivyotetemeka zamani.

Ndugu mkulima, usidhani mtetemo ni kelele tu ya kuzoewa. Mtetemo hulegeza nati, hupasua bomba la petroli, hutobosha rejeta, huvunja vishikio vya dainamo, na hula beringi ulizozinunua juzi. Motokaa ikivunjika njiani saa moja ya asubuhi, maziwa huganda katika mikebe, na fedha za mwezi huenda pamoja nayo. Tena fedha za kuunda injini mara nyingi ni za mkopo, na mkopo haungoji gari lipone.

Katika somo hili tutachukua mfano wa Land Rover ya petroli ya silinda 4, yenye injini ya lita 2¼, kwa sababu zimo nyingi mashambani hata sasa. Injini hiyo ilianza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958. Mambo mengi utakayosoma hapa yafaa pia kwa injini nyingine za silinda 4.

KWA NINI INJINI HUTETEMEKA

Ndani ya injini zimo pistoni zinazopanda na kushuka. Mwendo wao hugeuzwa kuwa mzunguko na krankshafti, yaani mhimili uliopindwa-pindwa ulio chini ya injini. Pistoni huungwa na krankshafti kwa mkono wa chuma uitwao konrodi. Nyuma ya krankshafti iko flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma, na juu yake hufungwa klachi.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hufika juu mara 50 na chini mara 50 kwa sekunde moja tu. Kila inapofika juu au chini husimamishwa na kurudishwa kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo huitikisa injini.

Waliobuni injini ya silinda 4 walipanga pistoni ya 1 na ya 4 zipande pamoja, wakati pistoni ya 2 na ya 3 zinaposhuka. Nguvu ya mbili za kwanza hupingwa na nguvu ya mbili nyingine, kama watu wanaovuta kamba pande mbili. Lakini jambo hili hufaulu tu ikiwa wavutaji ni sawa. Pistoni moja ikiwa nzito kuliko wenzake, upande mmoja hushinda, na injini hutikisika katika kila mzunguko.

Yafaa ujue pia kwamba injini ya silinda 4 haiwezi kutulia kabisa, hata ikiundwa na fundi hodari. Konrodi huinama inapozunguka, na kwa sababu hiyo pistoni huenda kasi zaidi katika nusu ya juu ya safari yake kuliko katika nusu ya chini. Basi zinazopanda na zinazoshuka hazipingani sawasawa, na hubaki mtetemo mdogo unaopiga mara mbili kwa kila mzunguko. Huo ndio mmoja wa sababu za injini kukalishwa juu ya raba. Kazi yako ni kuondoa mtetemo ulioongezwa na uchakavu na uzembe. Ule wa asili waachie raba.

KABLA YA KUFUNGUA, TAFUTA UGONJWA

Daktari mwema hampasui mgonjwa kabla ya kumpima. Wewe nawe usifungue injini kabla ya kujua mtetemo watoka wapi. Huenda injini haina kosa lo lote.

Jaribio la kwanza: simamisha gari mahali palipo sawa, gia ikiwa huru, hendibreki imevutwa. Ikiwa injini yatikisika inapozunguka polepole, lakini yatulia unapoongeza petroli, basi yaelekea silinda moja haifanyi kazi yake. Tazama plagi, waya zake, pointi za distribyuta, na kabureta. Pima kompresheni ya kila silinda. Silinda zote zikiwa karibu sawa, zisipishane zaidi ya sehemu moja ya kumi, ni vema. Moja ikiwa chini sana, hapo pana ringi, valvu au gasketi mbovu.

Jaribio la pili: gari likiwa lingali limesimama, ongeza mwendo wa injini kidogo kidogo. Ikiwa mtetemo wazidi kadiri mwendo unavyozidi, zima injini, toa mkanda wa feni, kisha uiwashe tena kwa muda usiopita dakika moja, maana pampu ya maji haizunguki. Mtetemo ukiisha, kosa liko katika feni, pampu ya maji au dainamo. Mara nyingi ni jani moja la feni lililopinda. Usisimame mbele ya feni injini inapozunguka, wala usiiname juu yake ukiwa umevaa nguo zinazoning’inia.

Jaribio la tatu: endesha gari katika barabara iliyo sawa, isiyo na watu wala mteremko, mpaka mwendo ule linapotetemeka. Kisha tia gia huru na uache injini izunguke polepole. Gari likiendelea kutetemeka, injini haina hatia. Tazama magurudumu, na propela pamoja na viungo vyake vya msalaba. Wakati wa mvua, udongo mweusi hushika ndani ya rimu na kukauka upande mmoja. Gurudumu la namna hiyo hutikisa gari zima. Watu wamewahi kupeleka gari kwa fundi kwa ajili ya ugonjwa ambao ungeponywa kwa ndoo mbili za maji na kijiti.

Mwisho, weka sufuria yenye maji juu ya madigadi ya mbele, ambayo katika Land Rover ni bapa. Gari likiwa limesimama, tazama maji yanavyotikisika injini ikizunguka polepole, kisha kwa mwendo wa kati, kisha kwa kasi. Andika uliyoyaona katika daftari. Utafanya hivyo tena kazi itakapokwisha, nawe utajua kwa hakika kama umepata faida.

PIMA UZITO WA PISTONI

Tuseme sasa umehakikisha injini imechakaa, nawe umeifungua. Hapa ndipo wengi hukosea. Hutia pistoni moja mpya kati ya tatu za zamani, au hununua mbili duka hili na mbili duka lile. Zote zatosha katika silinda, lakini uzito wao haulingani.

Nunua pistoni zote 4 pamoja, za kiwanda kimoja na saizi moja. Kabla ya kuzipokea, zipime kwa mizani isomayo gramu moja moja, kila moja ikiwa na pini yake na ringi zake. Mizani ya namna hii si ghali, na chama cha wakulima chaweza kununua moja kwa ajili ya wanachama wote.

Tuseme umepata hivi: ya kwanza gramu 652, ya pili gramu 650, ya tatu gramu 655, na ya nne gramu 668. Iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo mfano wa kufuatwa. Ya kwanza yahitaji kupunguzwa gramu 2, na ya tatu gramu 5. Kazi hiyo yawezekana. Fundi apunguze chuma kidogo kidogo kwa tupa, upande wa ndani, mahali palipo panene karibu na pini au katika ukingo wa chini. Asiguse kamwe upande wa nje, wala kichwa cha pistoni, wala mifereji ya ringi. Zote zikifika ndani ya gramu 2 au 3, yatosha kwa gari la shamba.

Lakini ile ya nne imezidi kwa gramu 18. Usijaribu kuipunguza kiasi hicho, maana utaidhoofisha. Irudishe dukani ukabadilishiwe. Gramu 18 zaonekana kuwa kitu kidogo, uzito wa vijiko vichache vya sukari. Lakini katika injini yetu, inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, gramu hizo huvuta juu na chini kwa nguvu ya kilo 8 hivi, mara 50 kwa sekunde. Je, kuna nati isiyoweza kulegezwa na nyundo ya namna hiyo?

PIMA KONRODI

Konrodi hupimwa mara mbili, kwa sababu ncha zake zafanya kazi mbalimbali. Ncha kubwa huzunguka pamoja na krankshafti, na ncha ndogo hupanda na kushuka pamoja na pistoni.

Kwanza safisha konrodi zote, ukaushe mafuta, na ufunge kila moja na kifuniko chake na boliti zake. Vifuniko havibadilishani. Kila kifuniko kilichongwa pamoja na konrodi yake, na nambari zilizopigwa ubavuni lazima zipatane. Kama hazina nambari, zitie alama kabla ya kufungua.

Pima konrodi nzima. Kisha ning’iniza ncha ndogo kwa uzi kutoka kwenye msumari, na ncha kubwa iegemee juu ya mizani katikati yake. Konrodi ilale sawasawa kama meza, na uzi unyoke wima. Soma mizani. Rudia mara tatu, maana ukiikalisha vibaya utadanganyika. Ikiwa konrodi nzima ni gramu 900 na ncha kubwa ni gramu 640, basi ncha ndogo ni gramu 260.

Zikishapimwa zote 4, linganisha ncha kubwa na ncha kubwa, ncha ndogo na ncha ndogo. Punguza zilizo nzito zifanane na ile nyepesi. Katika ncha kubwa, chuma hupunguzwa chini ya kifuniko mahali palipo panene. Katika ncha ndogo, hupunguzwa juu kabisa. Usisage karibu na boliti, wala usikwaruze mkono wenyewe kwa kukingama, maana mkwaruzo kama huo ni mwanzo wa ufa. Mahali uliposaga palainishwe mpaka pasiwe na alama. Kazi hii ifanywe na fundi aliyeizoea. Ukiwa na shaka, iache.

KRANKSHAFTI, FLAIWILI NA KLACHI

Krankshafti ikiwa imelika, hupelekwa karakana ya mashine ikasagwe. Mwambie fundi apime pia kama imenyoka, maana iliyopinda haitatulia kamwe. Kumbuka kwamba injini hizi za lita 2¼ zilikuwa na beringi kuu 3 mpaka mwaka 1980, ndipo zikaanza kuundwa na beringi kuu 5. Krankshafti ya moja haiingii katika nyingine. Hesabu beringi za injini yako kabla ya kununua cho chote.

Karakana kubwa za mijini zina mashine ya kuzungusha krankshafti na kuonyesha upande ulio mzito. Ukiweza kulipia, ni fedha iliyotumika vizuri. Peleka krankshafti, puli ya mbele, flaiwili, na presha pleti ya klachi pamoja na boliti zake. Utaratibu ni huu: kwanza krankshafti husawazishwa peke yake baada ya kusagwa, kisha hutiwa puli na flaiwili, na mwisho presha pleti. Kila kipande husawazishwa kwa kutobolewa chenyewe. Hivyo, siku utakapobadilisha klachi, hutapoteza kazi yote. Ukirudi nyumbani, osha njia za mafuta za krankshafti mpaka zisibaki na unga wa chuma hata chembe.

Kama huna fedha za mashine, yako mambo matatu unayoweza kuyafanya bila gharama. Kabla ya kufungua, piga alama za nukta kwenye flaiwili na krankshafti, na tena kwenye presha pleti na flaiwili, ili kila kitu kirudi mahali pake pa zamani. Pili, safisha kabisa pale flaiwili inapokutana na krankshafti. Chembe moja ya mchanga ikibaki hapo, flaiwili itakaa upande. Tatu, hakikisha boliti zote za presha pleti ni za namna moja. Ukitia boliti nzito au washa ya ziada upande mmoja, umeharibu. Gramu 10 zilizo sentimita 10 kutoka katikati huvuta kwa nguvu ya kilo 10 injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa nusu ya mwendo huo, nguvu hushuka kuwa robo, yaani kilo 2½. Ndiyo maana gari huweza kutulia polepole, lakini likatetemeka likienda kasi.

Vijana wengine hupenda kupunguza flaiwili ili injini iruke upesi. Usikubali. Uzito wa flaiwili ndio huunganisha mapigo ya silinda yawe mwendo mmoja. Gari la shamba lenye flaiwili nyepesi hutikisika na kuzimika linapoanza kupanda na mzigo.

Neno la tahadhari: klachi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usilipulize. Lifute kwa kitambaa chenye maji, ukitupe kitambaa hicho katika mfuko uliofungwa, mbali na watoto.

KUIRUDISHA INJINI MAHALI PAKE

Raba za kukalia injini huharibika kwa njia mbili: nyingine hulowa mafuta na kulainika, nyingine hukauka na kupasuka. Zote mbili hupitisha mtetemo katika chesisi. Zibadilishe zote pamoja, za injini na za gia boksi. Ukiisha kuikalisha injini, acha boliti za raba zikiwa zimelegea kidogo, itikise injini kwa mikono mpaka ikae pasipo kujikaza, ndipo uzikaze. Kisha tazama bomba la moshi. Likigusa chesisi mahali po pote, raba zako mpya ni kazi bure.

Propela irudi kwa alama zilezile ulizotia kabla ya kuitoa. Ikigeuzwa katika kiungo chake cha kuteleza, viungo vyake vya msalaba havitapatana, na gari litanguruma barabarani.

Mwisho, rekebisha moto na mafuta. Kwa injini hii ya Land Rover, silinda huwaka kwa taratibu ya 1, 3, 4, 2. Nafasi ya tapeti ni milimita 0.25, nafasi ya pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40, na nafasi ya plagi ni milimita 0.75 hadi 0.80. Kwa gari jingine, fuata kitabu chake. Injini iliyosawazishwa vizuri lakini haina moto sawa katika silinda zote itatikisika vilevile.

FEDHA ZIKIWA CHACHE

Mkulima mwenye busara huanza na kilicho rahisi. Kwanza osha magurudumu, kaza boliti, nyosha au badilisha feni, rekebisha moto na kabureta. Pili, badilisha raba. Tatu, ikiwa ni lazima kufungua injini, nunua pistoni za uzito mmoja na upime konrodi. Nne, lipia mashine ya kusawazisha. Asiyefuata taratibu hii huweza kulipia la nne, na kumbe dawa yake ilikuwa katika la kwanza.

Andika kila gharama na kila kipimo katika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ukimpeleka fundi kazini, mwonyeshe daftari na umwambie mapema kwamba wataka kuona uzito wa pistoni na konrodi kabla injini haijafungwa. Fundi mwema hatachukia. Injini ikishafungwa, hakuna ajuaye kilichomo ndani isipokuwa yeye, na wewe utakijua barabarani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini haifai kutia pistoni moja mpya kati ya tatu za zamani?
2. Gari latetemeka barabarani, nawe umetia gia huru lakini mtetemo haukuisha. Utatazama nini?
3. Konrodi nzima ni gramu 880, na ncha kubwa ni gramu 625. Ncha ndogo ni gramu ngapi?
4. Kwa nini konrodi hazibadilishani vifuniko?
5. Umetia raba mpya, lakini chesisi yazidi kutetemeka. Ni kitu gani huenda kinaigusa?

Jibu la swali la 3 ni gramu 255. Majibu mengine yamo katika somo. Kata ukurasa huu, uuweke pamoja na kitabu cha motokaa yako, ukamsomee na jirani yako anayetaka kufungua injini.